Anayeleta Uji Ni Yuleyule

Alhamisi, kiangazi kikali.

Upepo umevuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia hadi kwenye kabati la kadi. Nimerudi nyumbani na macho mekundu. Majirani wamenipa pole ya vumbi, nami nimeipokea.

Shajara yangu, nimesalitiwa. Na si na mtu baki. Ni Ramadhani, mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja.

Nianze na kazi, maana bila kazi habari yenyewe haieleweki. Mimi ni karani wa dirisha la kuandikisha wagonjwa hospitalini. Mgonjwa akilazwa, daktari anataka kujua kwanza kama amewahi kulala hapa, na jibu linatoka kwangu. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu jibu hilo ni kubwa. Aliyekatiza sindano akarudi hatibiwi kama aliyeanza leo.

Lakini hebu mfuate mtu kwa jina hapa kwetu! Analazwa akiitwa Nyamizi. Akirudi kijijini, mfumu anapiga ramli na kusema marehemu bibi yake anadai jina, basi tukimwona tena ni Kabula. Akiolewa na Mwislamu wa mjini anakuwa Zuhura. Kijiji nacho hakishikiki tangu watu wahamie vijiji vya ujamaa. Mtu mmoja ana kadi tatu, na kila mara daktari anaandika "mgonjwa mpya".

Nikawaza sana, mwisho nikagundua jambo ambalo kila mama anayepika analijua. Jina hubadilika, kijiji huhama, ila anayeleta uji wodini ni yuleyule. Basi nikawa namuuliza kila mgonjwa nani anamletea chakula, na kadi nazipanga kwa jina la huyo. Daktari alinisifu mkutanoni mbele ya watu. Nilitembea kwa maringo mpaka sokoni.

Leo nilikuwa nazipanga za zamani. Nafasi ya ndugu wa karibu, yaani anayeleta chakula, ilikuwapo kwenye kadi tangu hapo, ila hakuna aliyekuwa akiitazama. Nikatoa kadi ya Nyamizi wa Kigwa, aliyelazwa wodi ya kifua mwaka juzi akatoroka kabla ya kumaliza sindano. Nikatafuta ya kuwekwa nayo. Nikapata kadi ya Zuhura wa hapa mjini, ya mwezi huu, mgonjwa mpya, yumo wodini sasa hivi. Anayewaletea chakula ni mmoja: Ramadhani wa stesheni.

Zuhura ni mke wa mdogo wangu.

Tunaishi nyumba moja. Tangu mume wangu, baba wa binti yetu Asha, afariki, Ramadhani ndiye mwanamume wa nyumba, na alipooa nilimpokea mkewe kwa vigelegele. Tunakula sinia moja. Asha wangu analala chumbani kwa mkaza mjomba wake, kwa sababu Zuhura anajua hadithi kuliko mimi. Uji wa moto humpulizia yeye, humwonjea yeye, ndipo mtoto anywe. Mwezi huu Ramadhani aliniambia Zuhura amekwenda Kigwa kumuuguza mama yake. Nikatoa mchele. Nikatoa na kanga yangu mpya ampelekee mgonjwa.

Alimwandikisha hospitalini Jumapili, siku ambayo siko dirishani. Zamu zangu anazijua.

Nilikwenda wodini, sikuweza kujizuia. Amekonda. Alikuwa amejifunika kanga yangu. Aliponiona alijaribu kuinuka.

"Shikamoo, wifi."

Nikaitikia marahaba, maana ulimi una mazoea yake. Halafu nikageuka nikaondoka, na hadi sasa naona aibu kwa kuondoka vile. Nilimwambia daktari tu kwamba huyu si mgeni, aliwahi kutoroka sindano, nikamwekea kadi zote mbili mezani. Akashika kichwa. Alikuwa amemwanzishia dawa kama mtu aliyeugua jana.

Jioni nilimkalisha Ramadhani uani. Hakukana, na hilo nalo liliniuma, kwa sababu nilitamani anipe uongo mmoja niukamate.

"Ningekwambia, dada, ungemkubali aingie humu?"

"Akishamaliza sindano, ningemkubali."

"Kwao walishamfukuza. Huku nako ungefunga mlango. Angekaa wapi?"

Nikamwambia, "Ungeniambia nimtoe Asha chumbani kwake. Hilo tu, Rama. Siri zako nyingine ungezikwa nazo."

Akaanza kulia. Nilimwacha alie.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kilio kitapigwa nyumba ya nani.

Asha anakohoa. Nilikuwa nasema ni vumbi. Kiangazi cha Tabora kila mtoto anakohoa, mimi mwenyewe nimewaambia hivyo akina mama wengi pale dirishani, na wamerudi nyumbani wametulia. Leo nimemsikiliza akiwa amelala, nikaweka mkono mgongoni mwake, na nimeogopa vibaya.

Nina hasira na mdogo wangu. Nina hasira na Zuhura pia, halafu namkumbuka akiinuka kunisalimia na hasira inachanganyika na huruma, nashindwa kuitenga. Aliyenikosea zaidi ni huyu mdogo niliyembeba mgongoni.

Asubuhi nitampeleka Asha. Kadi yake ipo, alilazwa na malaria msimu wa mvua. Mimi nilikuwa dirishani kutwa, sikuweza kuondoka, hivyo aliyekuwa akimletea uji ni mjomba wake. Niliandika mwenyewe, kwa furaha, Ramadhani wa stesheni. Kwa utaratibu wangu niliosifiwa, nikiifungua droo kesho, kadi ya mwanangu nitaikuta imelala na zile mbili.

Daktari atauliza kama mtoto amewahi kuishi na mgonjwa wa kifua. Jibu linatoka kwangu.