Mkono wa Sefu Mgongoni Mwangu

Jumamosi, jioni.

Eti pumzi! Wazee wazima tumesimama duara nje ya ofisi ya kijiji, kila mtu mkono mgongoni kwa mwenzake, tunavuta pumzi. Bibi Maendeleo aliyetoka mjini anasema viboko vya mkoloni bado vimo mwilini mwetu, na watoto tumewarithisha. Labda wengine. Mimi nilikata mkonge mpaka Kilosa nzima ikanijua.

Ila nyuma yangu wakamweka Sefu, aliyekuwa mnyapara wa mzungu mwenye shamba lile la mkonge. Aliponigusa tu, mgongo ukajikunja wenyewe. Mbele ya mwanangu aliyekuja kutazama!

"Toa mkono, Sefu."

"Ndugu yangu, hata mimi mzungu alinichapa."

"Alikuchapa wewe, ukaja kunichapa mimi. Haya, geuka."

Akageuka. Miaka yote hii nimetamani kuuchapa mgongo ule. Nikauwekea mkono wangu huu wa chuma, nikaukuta unatetemeka kuliko wangu. Nikashindwa hata kumfinya.

Bibi Maendeleo akafurahi, akasema huko ndiko kupona. Kupona gani? Nimerudi nyumbani na hasira yangu yote, na sasa sina wa kumpa.