Kutoka Chole Hadi Juani kwa Miguu

Dada Salma, shikamoo. Salamu za Mafia zikukute dukani.

Unajua ninavyoogopa maji. Leo asubuhi, bahari ilipokupwa, Mwanahamisi, anayeongoza safari yetu ya kukimbia visiwani, alitukimbiza kutoka kisiwa cha Chole hadi Juani. Maji yaliishia kwenye vifundo vya miguu na yalikuwa yametulia, mawingu yakaonekana humo, nikawa kama nakimbia angani. Katikati miguu ikagoma. Wenzangu wakawa vivuli mbele.

Mwanahamisi akanirudia. “Tembea tu,” akasema. “Nisimulie habari za kwenu.”

Nikamweleza Kariakoo inavyoamka, mikokoteni, wauza kahawa, nawe unavyokung'uta vitenge mlangoni huku ukibishana na redio. Akacheka, nikazidi kusimulia, mara nikashtukia nakanyaga mchanga mkavu. Nilipogeuka, tulikopita maji yalikuwa yameshajaa, ya kijani, kimya kabisa.

Nililia kidogo, dada. Kisha nikala pweza wa nazi na mihogo hadi nikashindwa kuinuka.

Kesho tunarudi Chole kwa njia hiyo hiyo, nami nimeomba nitangulie.

Nibusie Mama. Mlale salama, nawawaza.

Mdogo wako,
Zuhura