Nilikwambia Nyutro Haina Moto

Mpendwa mdogo wangu Lokol,

Ripoti ya ajali inasema ulivua glavu kwa hiari yako. Sahihi iliyo chini yake ni yangu.

Tangu tukiwa watoto hapa Lodwar ulikuwa unanifuata kila mahali. Nikivuka mto Turkwel, unavuka. Nilipoanza kazi ya stima, ukaja.

Asubuhi ile Kakuma tulikuwa tunabadilisha nguzo iliyoliwa na mchwa. Wenye maduka hawakutaka stima izimwe, nami msimamizi wako nikakubali. Ulipofika kwenye nyutro, ule waya wa kurudisha stima, uliniita kutoka juu: "Bro, si tuweke waya wa kupitishia stima kando kwanza, ndiyo nikate?"

Nilikuwa nimechoka na jua. "Kata tu. Hiyo imefungwa ardhini, haina moto. Hata hizo glavu vua, umalize haraka."

"Sawa, bro."

Ukakata. Stima ya maduka yote ikakosa njia ya kurudi, na mchanga ule mkavu haukuipokea. Ikapita mikononi mwako. Nilipozima na kukupandia, ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda, hupumui tena.

Siku hizi nafundisha mafundi wapya. Nawaambia nyutro huogopwa kama waya mwingine wowote: pima, vaa glavu, unganisha kando kabla ya kukata. Juzi mmoja akauliza, "Mwalimu, umewahi kuona ikiua?" Nikajifanya natafuta koleo. Nilienda ofisini kuomba ripoti ibadilishwe. Wakaniambia faili limefungwa, niache marehemu apumzike.

Lakini nyumbani siwezi kujificha. Jumapili Mama alinimiminia chai, akasema, "Lokol alikuwa mkaidi. Angekusikiliza wewe, angekuwa hai."

Nikaweka kikombe chini. Nikamweleza yote, hata neno la glavu.

Aligeukia mlango. Kisha akasema polepole, "Kumbe alikusikiliza."

Hakunifukuza. Ingekuwa afadhali. Chakula changu anakiweka, ila nikimsalimu "ejok" haitikii, na mimi sina nyumba nyingine ya kwenda wala kazi nyingine ninayoijua. Jana nilimsikia akimwambia jirani, kwa sauti ya kutosha nisikie, "Mwanangu hakuwa mkaidi. Aliambiwa, akatii."

Lala, mdogo wangu. Jina lako limesafishwa.

Mimi, kaka yako uliyemtii