Marumaru ya Mama

Vermont, mwezi wa Mei

Kaka Armand,

Sisi hatujambo. Theluji imeisha, na ukuta wa bustani umepasuka tena: maji yaliingia kwenye nyufa, yakaganda, yakatanua mawe. Nimeupanga upya.

Jumapili tulikwenda makaburini. Unajua Baba hulichonga upya jina la Mama kila baridi inapoisha, maana mvua inaila ile marumaru. Mzee Lucien, mchongaji mwenzake, alikuja kutushikia ndoo na kumchokoza kama kawaida.

"Hervé bwana, maisha yako yote umechonga graniti, halafu mkeo ukamwekea sukari!"

"Alitaka jiwe jeupe. Wewe shika ndoo."

Tulicheka. Baba akapiga magoti, akaiweka patasi kwenye jiwe, akatulia. Kisha akanigeukia.

"Odile, mwanangu, hapa palikuwa na jina gani?"

Nikadhani mwaka huu mvua imezidi. Nikainama niangalie. Delphine. Herufi zote zipo, zinasomeka hata ukiwa getini.

Lucien aliweka ndoo chini.

Kitanda chako nimeshakitandika.

Mdogo wako,
Odile