Kivuli cha Mama Furaha

Jumatano jioni, Agosti

Na jua hili la kiangazi, sasa nitakaa wapi?

Kila mchana nilikuwa na sehemu yangu: kichochoro kati ya nyumba yetu na ya jirani, Mama Furaha, upana wake kama mkeka. Kigoda, kikombe cha bati chenye maji, mgongo kwenye ukuta wake wa udongo uliopoa. Pale sikuwa mkimbizi. Nilikuwa mtu aliyekaa kivulini, basi.

Jana aliitwa na ofisi ya wakimbizi. Anakwenda Kanada na watoto wake. Wao na sisi tuliomba kuhamishiwa ng'ambo wakati mmoja. Kwetu bado kimya. Nilimkumbatia, nikafurahi. Nilijaribu kufurahi.

Leo asubuhi, kabla ya kupanda gari, alituita majirani tubomoe nyumba. "Mukamate hii miti, mupikie," alisema. "Miye naenda nayo wapi?"

Kuni hapa kambini Nyarugusu ni shida, hakuna aliyengoja kuambiwa mara mbili. Hata mimi nilivuta miti yangu. Nilivuta kwa nguvu kuliko wote, sijui nilikuwa na hasira na nani. Ukuta ukaporomoka.

Mchana nikatoka na kigoda changu, mazoea tu, nikakiweka palepale. Jua likanipiga utosini mpaka nikainuka.

Jioni mume wangu kauliza mbona maharage yamewahi kuiva. Nikamjibu kuni zilikuwa kavu.

Sikumwambia kwamba nimechoma kivuli changu.