Kurasa Nne Zisizofunguka

Jumapili, 2 Machi

Mama Mdogo amefariki. Alfajiri, kwao huko ng'ambo, usingizini. Kaka alinipigia saa moja asubuhi nikiwa nachemsha maziwa. Yakafura, yakamwagika, na mimi nimesimama tu nayatazama.

Kaka hakunipa hata nafasi ya kulia. Mama asijue, alisema. Ana siku tisa tu tangu atoke hospitali na moyo wake ule, na daktari alionya asishtuliwe. Hivyo ndivyo Kaka anavyosema daktari alisema, maana yeye ndiye aliyeongea naye. Atakuja mwenyewe Jumamosi ya tarehe 15 amwambie, kama mzaliwa wa kwanza. Mpaka hapo mdomo wangu niutie kufuli.

Jamaa wote ameshawaonya. Simu ya Mama ni ya vibonyezo, kazi yake kupiga na kupokea tu. Lakini kompyuta ya sebuleni nani ataionya? Kila Jumapili saa kumi Mama huketi mbele yake akaongea na mdogo wake. Wanatazamana, wanachekana mvi.

Nikampigia Fundi, yule anayetunza kompyuta za ofisini kwetu. Ndiye aliyetuletea hii ya nyumbani. Akanielekeza hatua kwa hatua. Kuna faili moja dogo tumboni mwa mashine. Ukiandika humo jina la tovuti, mashine inapoteza njia ya kuifikia. Mama alikuwa anaoga. Nikaandika majina manne. Ukurasa wa simu za video. Ukurasa wa picha za ukoo. Ukurasa wa wastaafu wa hospitali walikofanya kazi wote wawili, Mama maabara, Mama Mdogo wodini. Na gazeti la mji wa Mama Mdogo, ambalo Mama hulisoma kujua kama kwao kuna baridi, na ambalo kwenye ukurasa wa mwisho lina matangazo ya vifo.

Nikafunga kila kitu kabla hajatoka bafuni.

Saa kumi Mama akajifunga kitambaa chake kizuri, akaketi. Haifunguki, akasema. Nikamwambia mtandao leo mbovu. Akajaribu simu ya mdogo wake, imezimwa. Imezimwa na mwanawe, kwa amri ya Kaka.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumatatu, 3 Machi

Mama kaomba simu yangu. Nikasema kifurushi kimeisha. Uongo wa pili huo, na ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kazini nikamkuta na daftari. Daftari jipya, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, kilichobadilishwa, matokeo.

Nilisahau mama yangu ni nani. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye darubini akitafuta vijidudu kwenye damu za watu. Mtu wa namna hiyo humwambii "mtandao mbovu" akakubali. Ameniuliza mbovu vipi, kama utabiri wa hali ya hewa unafunguka, na mapishi yanafunguka, na redio inafunguka.

Nikasema labda ni tovuti zenyewe. Akaandika hilo nalo. Kwa kalamu ya risasi, akaweka alama ya kuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Amezima modemu, akahesabu hadi sitini, akawasha. Bado. Akaandika. Amezima kompyuta, akawasha. Bado. Akaandika. Nikamwambia, Mama, si uzime vyote kwa pamoja tu tumalize. Akanitazama juu ya miwani. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, alisema, kikipona hutajua ni kipi kilichoponya.

Halafu akaipigia simu kampuni ya intaneti. Dakika ishirini na tano za muziki, kavumilia zote. Yule dada wa huduma akapima laini kutoka huko aliko, akasema nzima. Mama alifurahi kana kwamba ameshinda kitu. "Kimoja kimetoka," aliniambia, akakifuta kwenye orodha ya washukiwa.

Mshukiwa anamwekea chai mezani kila siku.

Ijumaa, 7 Machi

Leo wamemzika. Saa nane mchana kwa saa zetu.

Niliomba ruhusa kazini, sikuweza kukaa dirishani nikiwatabasamia wateja siku kama ya leo. Nilitaka nikae peke yangu chumbani saa hiyo. Mama akaniita. Zamu ya waya, alisema. Daktari kamkataza kuinama, basi niingie mimi chini ya meza, yeye atashika tochi. Nikaingia. Saa nane kasoro dakika mbili. Waya umejaa vumbi na utando wa buibui, nauchomoa, naurudisha, nauchomoa, huku nikijua huko wanateremsha jeneza.

Nikashindwa. Nikalia humohumo chini ya meza, bila sauti, mabega yanaruka.

Mama akauliza, vumbi limekuingia? Nikasema ndiyo. Akasema toka basi, waya mzima. Akazima tochi, akaenda kuandika.

Najichukia. Sijui neno jingine la kuandika hapa. Dada mtu yupo hai, ana akili zake, na tumemwibia maziko ya mdogo wake.

Jumamosi, 8 Machi

Nusura. Mwalimu wa ghorofa ya juu alikuja kumjulia hali Mama. Hajui lolote. Mama akamwomba kipimo: afungue ule ukurasa wa simu za video kwenye simu yake, akitumia mtandao wetu. Ukafunguka palepale! Ukataka neno la siri.

Mwalimu akampa simu, aingie tu. Mama akakataa. Haweki neno lake la siri kwenye mashine ya mtu. Mwalimu akasema basi tujaribu na lile gazeti lako. Hapo Mama akarudisha kalamu ndani ya daftari. Kisha akasema inatosha, kipimo kimoja kwa siku.

Nilimshukuru Mungu. Lakini sasa naandika haya nawaza: tangu lini Mama akaachia kipimo kirahisi hivyo?

Jumapili, 9 Machi

Saa kumi. Kitambaa kizuri tena. Alikaa mbele ya ukurasa uliokataa kufunguka kwa dakika kumi, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye benchi la zahanati. Nilimwambia Mama Mdogo huenda amesafiri. Kwenda wapi, akauliza. Nikasema kwa wakwe wa mwanawe. Akasema, "Wakwe wale wasiopatana nao."

Nikainuka kwenda kuanua nguo.

Jumatatu, 10 Machi

Leo kliniki. Mama alipoingia kwenye kipimo cha moyo nilimvuta daktari pembeni, nikamweleza yote. Alinisikiliza, miwani kaishika mkononi. Akaniuliza nani alisema mgonjwa asiambiwe. Nikasema wewe. Akasema yeye alikataza ndoo za maji, ngazi na kuinama. Kushtuliwa alikokusema ni kugombana na kukimbizana. Kuficha msiba hajawahi kumwagiza mtu. Mama yako yuko imara, alisema. Mwambieni nyumbani, ameketi, ameshakunywa dawa, na kipimo cha presha kiwe karibu. Ila asijue kwa kubahatisha. Hilo ndilo linalomtisha yeye.

Nikampigia Kaka nikiwa kwenye korido. Hakunisikiliza. Daktari haishi nasi, alisema. Zimebaki siku tano, na yeye ndiye atakayesema. Nikamwambia unampaka Mama mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema, "Na mkono uliofanya ni wa nani?"

Wangu. Simu ikakatika, au aliikata.

Jumanne, 11 Machi

Nilipiga moyo konde. Nikakaa karibu naye, nikashika mkono wake. Mama, nikasema. Akageuka. Nikasema chai imeiva.

Jumatano, 12 Machi

Nimekuta ameweka brauza nyingine, peke yake, kwa kufuata maelekezo. Bado zile zile. Sasa ameacha kutengeneza, ameanza kuhesabu. Asubuhi nzima amefungua tovuti moja baada ya nyingine, akazipanga safu mbili. Zinazofunguka: arobaini na tatu. Zisizofunguka: nne.

Akanisogezea daftari. "Wewe umesoma kuliko mimi. Hizi nne zimefanana nini?"

Niliziangalia kwa mwandiko wake ule wa majibu ya maabara, herufi zimesimama wima. Nikasema sijui.

"Mimi pia sijui," akasema. "Bado."

Hakula vizuri leo. Nilipomuuliza akasema tumbo. Nilitaka nimwambie palepale, chakula kikiwa mbele yetu. Nimemzoea Kaka tangu utotoni, akisema kaa nakaa. Nina miaka arobaini na moja na bado akisema kaa nakaa.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi alinijia ofisini uso umemshuka. Mama yako amenipigia, alisema. Asubuhi, kwa ile simu yake ya vibonyezo. Hakumwomba aje. Alikuwa na swali moja tu: kompyuta inaweza kujifungia tovuti nne yenyewe, bila mkono wa mtu?

Ukamjibu nini, nikauliza.

Akasema, "Dada yangu, yule mama ananiulizaga hali ya wanangu mmoja mmoja kwa majina. Ningemdanganyaje? Nikamwambia haiwezi. Nikasema simu inakatika, nikaikata."

Nikakata shauri nifike nyumbani nilifute lile faili na niseme yote, Kaka apende asipende. Nikafika. Mama amelala. Saa kumi na mbili jioni amelala, yeye ambaye hulala baada ya taarifa ya habari. Nikakaa sebuleni na kompyuta mbele yangu. Kufuta majina ni dakika mbili. Lakini nikifuta bila kusema, kesho ataketi hapa peke yake, mimi niko kazini, na litakuwa gazeti ndilo linalompa habari. Sikugusa kitu.

Huenda hakuwa amelala.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia jikoni, nimesimama, daftari juu ya jiko lililozimwa.

Nimerudi saa kumi na moja. Kompyuta imezimwa. Mama yuko kwenye kiti chake cha dirishani, daftari lake mapajani, kipimo cha presha mezani. Pakiti ya vidonge iko wazi, vya jioni ameshameza.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

Akasoma kutoka kwenye daftari, kwa sauti ile aliyokuwa akiwasomea madaktari majibu. Laini, nzima. Modemu, nzima. Waya, mzima. Tovuti yenyewe, nzima, kwa Mwalimu ilifunguka. Brauza, si yenyewe. Mashine haiwezi kujifanyia. "Kwa hiyo ni mkono wa mtu. Humu tunaishi wawili, na mimi sikujifungia."

Akageuza ukurasa.

"Kukasirika nitakasirika, lakini si leo. Nilianza kujiuliza kwa nini hizi nne. Nikadhani umechoka na kelele zangu za Jumapili. Lakini gazeti? Gazeti la watu limekukera nini? Ndipo nikaona. Zote nne ni mahali ninapomwona mdogo wangu, au ninaposikia habari zake." Akafunga daftari. "Angekuwa anaumwa mngeniambia nimwombee. Mgonjwa hafungiwi kurasa nne, na simu juu yake."

Akajivisha kile kipimo mkononi, mwenyewe, akabonyeza. Kikavimba, kikanywea. 130 kwa 82. Akaandika namba, akaandika na saa, akanigeuzia nione.

"Nimejipima, nimekunywa dawa, nimeketi. Sasa niambie. Amezikwa lini?"

Nikasema naleta maji. Ndilo lililotoka. Akasema nenda, lakini urudi.

Glasi imejaa zamani. Jibu ninalo: Ijumaa iliyopita, saa nane, ulikuwa umenishikia tochi. Nimelirudia mara tatu kimoyomoyo, halifiki ulimini. Kaka atafika kesho mchana na maneno yake aliyoyapanga njia nzima.

Nilidhani analia. Nimetega sikio, halii. Ameniita sasa hivi, sauti ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeagiza chumvi.

"Lete glasi mbili. Na wewe hujapata kumlilia vizuri."

Natafuta glasi ya pili.