Mama Neema, Shokapu Hazigongi Tena

Mpendwa Mama Neema,

Nakusalimu kutoka Dzaleka, kutoka nyumba yetu ambayo siku hizi inanisikiliza bila kupiga miayo. Barua hii naiandika wazi, na anayetaka kuisoma aisome, kwa sababu wenye pikipiki wote wa njia panda wanalijua jambo langu kabla sijalisema. Jambo lenyewe ni hili: siku ya ubatizo wa mjukuu wetu hapa kambini nataka urudi nyumbani ukiwa umekaa nyuma yangu, si nyuma ya Bahati.

Uliniambia kwa simu, "Bahati atanifikisha mpaka ku mulango, Papa Neema. We usijisumbue." Nikajibu, "Vizuri." Kisha nikatoka uani, nikaitazama pikipiki yetu kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekataa kutoa maziwa.

Tangu uende mjini, Area 36, kumsaidia Neema na mtoto, nimesikia habari za Bahati kuliko habari za mtoto. Kwanza niliambiwa kwamba ni mtu wa Uvira kama wewe. Halafu kwamba ni mgane, tena mzee wa kanisa. Halafu kwamba anafanya kabaza, na kila asubuhi anakubeba kutoka kwa Neema mpaka sokoni unakoshona. Yote hayo niliyapokea. Mtu lazima afike kazini, na pikipiki za kukodi zipo kwa ajili hiyo. Lakini juma moja ulisema pikipiki yake "inateleza kama iko juu ya maji", na juma lililofuata ukanieleza hivi kuhusu pikipiki yetu: "Papa Neema, unajua? Taabu ya moto yetu njo ressort. Ressort ikichoka, hata utie mafuta gani, ni bure. Bahati alinifasiria."

Alikufasiria! Mimi niliyefundisha fizikia Bukavu mpaka chaki ikaingia kwenye mapafu, nilianza kukueleza habari za springi, hizo ressort zako, mwaka ule ule tuliponunua pikipiki. Tulikuwa tunakula nsima na dagaa, nikakuchorea shokapu kwa ncha ya kidole kwenye vumbi la meza. Ulifuta mchoro wangu kwa kitambaa ukasema, "Mwalimu, leo shule imefungwa." Sikukasirika. Nilidhani tu kwamba somo hilo haliingii kichwani mwako. Kumbe linaingia, ila mlango wake uko Area 36.

Na vijana wa njia panda hawanihurumii. Juzi mmoja wao aliyetoka kupeleka mzigo mjini alinipigia kelele mbele ya wenzake: "Mwalimu! Tulimuona Mama Neema! Anapandaka moto ya muzee moja hivi. Bale batu banacheka!"

"Wanacheka nini?" nikauliza.

"Mi nitajua? Moto yao haipige kelele, njo maana banasikilizana. Yako, Mwalimu, hata ukitaka kuomba Mungu juu yake, unapashwa kulalamika kwa nguvu!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu.

Mama Neema, unaikumbuka siku tuliyoitoa pikipiki Mponela? Ilikuwa mpya, inang'aa, na bei yake ilikuwa ya chini kwa sababu ambayo sikuiona dukani. Kiwanda kinachotengeneza kitu cha bei ndogo hubana mahali ambapo mnunuzi haangalii. Rangi haibanwi, taa hazibanwi. Hubana ndani ya shokapu za mbele, zile fimbo mbili zinazolishika gurudumu, maana humo hakuna anayechungulia. Springi zilikuwa laini kama za godoro la zamani. Tulipoacha lami na kuingia barabara ya vumbi, shimo la kwanza likazikandamiza mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma: ngo!

Nawe nyuma yangu ukaitika kama mwenye nyumba aliyesikia mlango ukigongwa: "Karibu!"

Nusura nituangushe kwa kicheko. Shimo la pili, ngo! "Karibu!" La tatu, "Karibu, ingia, viti viko!" Tukafika nyumbani tukiwa na vumbi hadi kwenye kope, majirani wakauliza tumekunywa nini. Tangu siku hiyo hatukuwahi kupita shimo bila wewe kumkaribisha mgeni asiyeonekana.

Unaikumbuka na siku ya mbuzi? Tulikuwa tunashuka kwenye daraja la kijito, mbuzi wakajitupa barabarani, nikashika breki. Hapo nilitaka kukueleza, nawe ukakataa kuelezwa, kwamba abiria hukaa nyuma, lakini breki humleta mbele. Uzito wote hulalia gurudumu la mbele, na shokapu dhaifu huzama ghafla kama mtu aliyekatwa miguu. Zikazama. Paji lako la uso likanipiga katikati ya mgongo. Hukulia, hukunilaumu. Ulifika nyumbani ukalichukua koti langu la kaki, ukalishonea mgongoni mto mdogo wa pamba, ukaukaza kwa mishono minene kama ya magodoro ya hospitali. Ukasema, "We tengeneza mbele. Mi nimetengeneza hapa." Watu wa kanisa waliniuliza kama nimeota nundu. Nilivaa koti hilo kwenye joto na kwenye baridi, na ninalo mwilini sasa hivi ninapoandika.

Ndiyo maana uliponiambia wiki iliyopita, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilimushonea Bahati kifuniko ya kiti, kitambaa ya kijani ilikuwa imebakia," nilikuaga haraka nikisema chaji imekwisha. Kitambaa kilichobaki ni kitambaa kilichobaki, najua. Lakini uzi haukubaki, Mama Neema. Uzi uliukata kwa meno yako.

Kesho yake nilikwenda Mponela. Nikamkuta fundi mmoja mwenye springi nene alizozitoa kwenye pikipiki kubwa iliyokwisha kazi. Nikarudi nazo, nikaegemeza injini juu ya matofali, gurudumu la mbele likaning'inia, nikafungua kofia za shokapu. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi na mepesi kama maji yaliyooshewa sufuria ya maharage. Nikaosha kila kitu, nikabadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, nikatia mafuta mazito zaidi, nikapima kwa kijiti ili pande zote mbili ziwe sawa. Maana shokapu zisizo sawa huvuta usukani kama ndugu wawili wanaogombania shuka.

Nivumilie nikueleze jambo moja, shule ifunguliwe kidogo tu. Springi ndiyo inayopokea pigo. Mafuta ndiyo yanayoizuia isilirudishe pigo hilo kwa hasira. Bahati alikufasiria nusu ya kwanza, na nusu hiyo ni kweli. Lakini springi mpya katika mafuta ya zamani itakurusha juu kama mpira. Nusu ya pili hakukufasiria, au alikufasiria nawe ukaamua kunificha.

Sasa, springi za Mponela zilikuwa fupi kuliko zetu. Unaijua desturi ya hapa kambini: springi ikiwa fupi, mtu hukata kipande cha bomba la maji la plastiki akakiweka juu yake ili kuijaza nafasi. Ni desturi nzuri, ina hatari moja. Mwenye wivu hukata bomba refu. Nilikata huku nafikiria kifuniko cha kijani, na nilipofunga, springi zilibanwa mpaka hazikuwa na pa kwenda. Pikipiki ikaruka barabarani kama beberu. Vijana wa njia panda wakasimama: "Mwalimu, umetia mawe ndani?" Nikarudi nyumbani meno yakiwa yameshikana, nikafungua tena, nikakata kidogo, nikajaribu, nikafungua, nikakata kidogo.

Nilihitaji abiria. Nikachukua gunia la unga na kichwa cha cherehani yako ya zamani, nikavifunga nyuma kwa kitenge chako chenye maua mekundu. Mama mmoja wa kwaya akaniona natoka uani. "Papa Neema! Umeoa gunia?"

"Halinung'uniki," nikamjibu.

"Njo utalichoka haraka," akasema.

Nikashuka nalo mpaka daraja la kijito, kwenye lile shimo ulilozoea kumkaribishia mgeni wako. Nikashika breki kwa makusudi. Shokapu zikazama polepole, zikatulia, zikapanda, zikasimama. Hakuna kilichogonga. Ilikuwa kazi safi, kazi ambayo ningeionyesha darasani. Nikazima injini nikangoja, sijui nangoja nini. Gunia lilikuwa kimya.

Hapo ndipo nilipolijua jambo ambalo Bahati hana. Amekubeba asubuhi ngapi, na hajawahi kukusikia ukisema "Karibu!" Pikipiki yake haigongi. Neno lile lilikuwa langu peke yangu, lilitoka kwenye springi mbovu, nami nimekwenda mpaka Mponela kutafuta dawa ya kulifukuza. Nilisimama pale darajani nikawaza kuzirudisha springi za zamani. Sikuzirudisha. Paji lako la uso si mlango wa kugongwa ili mimi nicheke.

Basi, mke wangu, nakuomba hivi. Bahati aje kwenye ubatizo. Atakula, ataimba, nitampa kiti. Na kwa kuwa pikipiki yake inateleza juu ya maji, aibebe mizigo: masufuria yote ya Neema na lile beseni kubwa. Wewe na Neema na mtoto pandeni minibasi, mshuke njia panda. Kuna kijana mwaminifu atakayempeleka Neema na mtoto taratibu. Wewe utaniona mimi, nimevaa koti lenye nundu, ingawa pamba yake imelala na inahitaji mkono wako.

Nimebakiza kipande cha bomba na msumeno mdogo kwenye mfuko wa koti. Gunia si wewe, halijui kuegemea. Kipimo cha mwisho kitakatwa ukiwa umekaa.

Tukifika kwenye shimo la darajani nitapunguza mwendo, na hutasikia kitu chochote. Lakini nitakuwa nimetega sikio. Sema hivyo hivyo, Mama Neema, hata kama hakuna aliyegonga.

Mumeo, anayekungoja njia panda,

Papa Neema